Nani Humchanganua Mchanganuzi wa Kwanza?

Wanasihi wenzangu wa Dar es Salaam na Mombasa huniuliza mara kwa mara mtu afanye nini ili awe mtaalamu wa tiba ya nafsi kwa njia ya saikolojia changanuzi, yaani shule iliyoasisiwa na Carl Gustav Jung. Wengi wao huuliza wakitarajia niwatajie chuo, muda wa masomo na ada. Hayo yote yapo, lakini si kiini cha jambo. Kiini ni kwamba anayetaka kuwachanganua wengine, yaani kuwasikiliza na kuwafafanulia ndoto zao na mambo yaliyojificha nafsini mwao, hana budi kuchanganuliwa yeye kwanza, kwa miaka kadhaa, na mtu aliyekwisha kuipita njia hiyohiyo. Mihadhara inaweza kusafirishwa kwa vitabu na kwa intaneti. Uchanganuzi hausafiri ila ndani ya mtu. Kwa hiyo, mahali ambapo hakuna mchanganuzi hata mmoja, chama cha kitaaluma kinachotaka kukua hukabiliwa na mkwamo wa kweli, kwa sababu wa kwanza hana wa kumtangulia. Namna mkwamo huo ulivyokwamuliwa katika nchi mbalimbali ndiyo habari ninayoona ina manufaa zaidi kwetu kuliko orodha yoyote ya masomo.

Sharti hili lina historia yake. Jung, aliyezaliwa mwaka 1875 katika kijiji cha Kesswil nchini Uswisi, alianza kazi mwishoni mwa mwaka 1900 katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Burghölzli mjini Zürich, chini ya Eugen Bleuler. Huko ndiko alikoendesha majaribio yake ya maneno: mtu husomewa orodha ya maneno, moja baada ya jingine, naye hutakiwa kujibu kwa neno la kwanza linalomjia, huku daktari ameshika saa na kupima muda wa kila jibu. Pale mtu alipokawia, aliposahau au alipojibu kwa neno la ajabu, palikuwa na jambo zito lililojificha. Madaktari wa hospitali ile walijaribiana wao kwa wao pia, na ikaonekana wazi kwamba daktari naye ana maneno yanayomkwamisha. Kutoka hapo si mbali kufikia hoja kwamba daktari asiyejua anapokwama atakwama mbele ya mgonjwa mwenye shida kama yake, na pengine atamlaumu mgonjwa kwa kukwama huko. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeasisi uchanganuzi wa nafsi na ambaye urafiki wake na Jung ulivunjika mwaka 1913, alikuwa ameandika mwaka 1912 kwamba kulisisitiza sharti la daktari kuchanganuliwa ni mojawapo ya sifa njema za wenzake wa Zürich. Wahenga wetu walisema mganga hajigangi, na sijaona sentensi fupi kuliko hiyo inayobeba hoja nzima.

Kwa muda mrefu hapakuwa na chuo wala mtihani. Mwaka 1916 ilianzishwa Klabu ya Kisaikolojia mjini Zürich kwa fedha za Edith Rockefeller McCormick, binti wa tajiri wa mafuta wa Marekani, ikawa mahali pa kukutana na kusikiliza mihadhara. Aliyetaka kuwa mchanganuzi alikwenda kuchanganuliwa na Jung, na mara nyingi pia na Toni Wolff, mshirika wake wa karibu, akahudhuria semina, na Jung alipoona ameiva, alimwandikia barua ya kuthibitisha kwamba anaweza kufanya kazi hiyo. Msomaji wa pwani ataitambua sura hii mara moja, kwa kuwa ni silsila na ijaza: mtu husoma kwa mtu, ambaye naye alisoma kwa mtu, na ruhusa hutolewa na mkono uliowahi kupokea ruhusa. Nguvu ya mpango huo ilikuwa ukaribu, na udhaifu wake ulitoka hapohapo, maana kila kitu kilitegemea jicho la mtu mmoja, na hapakuwa na wa kumuuliza mtu huyo kwa nini fulani amepewa barua na fulani amenyimwa.

Jung hakuwa mpenzi wa taasisi. Barbara Hannah, mwanafunzi wake wa miaka mingi, amesimulia kwamba alikubali chuo kianzishwe kwa sababu aliona wafuasi wake wangekianzisha mara tu baada ya kifo chake, basi ni heri kianze akiwa bado na uwezo wa kukipa sura. Chuo hicho kilifunguliwa Zürich mwaka 1948, na tangu mwaka 1979 kiko Küsnacht, mji wa kando ya ziwa ambako Jung aliishi hadi alipofariki mwaka 1961. Kwa kuanzishwa chuo, barua ya mtu mmoja ilibadilishwa kuwa hatua zinazojulikana. Mwanafunzi huanza kwa masomo ya nadharia: ndoto, magonjwa ya nafsi, dini, visasili na ngano. Hufanya mtihani wa kwanza kabla ya kuruhusiwa kupokea wagonjwa. Baada ya hapo hufanya kazi na wagonjwa chini ya usimamizi, akimpelekea mchanganuzi mzoefu habari za kila kikao, na mwisho huandika ripoti za wagonjwa aliowahudumia na tasnifu, kisha hukaa mbele ya watahini. Sehemu ya mitihani ambayo mimi huipenda ni ile ambapo mwanafunzi hukabidhiwa ngano asiyoitarajia na kutakiwa kuifafanua kwa maandishi. Aliyekulia kwenye hadithi za bibi yake, za majini na za sungura, hafiki pale mikono mitupu.

Katika hatua zote hizo, uchanganuzi wa mwanafunzi mwenyewe huendelea, na saa zake huhesabiwa kwa mamia. Hili huwashtua watu. Mnasihi aliyezoea kozi ya miezi michache huona ni anasa, au ni njia ya wakubwa kujipatia fedha. Simlaumu, kwa kuwa gharama ni kubwa na wenye kulipa hutoka jasho. Lakini hebu afikirie yanayotokea ndani ya chumba cha tiba. Mgonjwa humchukia mtabibu kwa chuki iliyokuwa ya baba yake, au humpenda kwa mapenzi aliyoyakosa kwa mama yake, na mtabibu naye huamka ndani yake mambo yake ya zamani. Anayekutana na nguvu hizo kwa mara ya kwanza akiwa ndiye mtabibu atazichukulia kuwa ukweli wa siku ile, na hapo ndipo watu huumizwa.

Wapo walioumizwa, na shule hii haina haki ya kulificha hilo. Mwaka 1904 binti wa Kirusi aitwaye Sabina Spielrein, kutoka Rostov-on-Don, alilazwa Burghölzli akatibiwa na Jung. Alipata nafuu, akasomea udaktari, akawa mchanganuzi mwenye mawazo yake mwenyewe. Lakini uhusiano wa daktari na mgonjwa wake ulivuka mpaka wa tiba, na barua pamoja na shajara zake zilizopatikana Geneva mwaka 1977 zinaonyesha jinsi alivyoteseka kwa ajili hiyo. Alirudi Urusi mwaka 1923, na mwaka 1942 aliuawa na Wanazi mjini Rostov pamoja na binti zake wawili. Kisa hiki husomwa leo katika mafunzo, na naona ni sawa kabisa kisomwe mapema, kabla mwanafunzi hajapewa mgonjwa wa kwanza, kwa sababu kinaonyesha kwamba kipaji kikubwa hakimlindi mgonjwa. Kinachomlinda ni mtabibu aliyejijua, mwenye mtu wa kumsimamia, na anayefungwa na kanuni za maadili zinazoweza kumfikisha mbele ya wenzake.

Jinsi shule hii ilivyotoka Uswisi ni habari ya ukimbizi zaidi kuliko ya mipango. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, wachanganuzi Wayahudi walitawanyika kutoka Ujerumani. Erich Neumann alikwenda Tel Aviv. Gerhard Adler alikwenda London. James na Hilde Kirsch walipita Tel Aviv na London kabla ya kuweka makazi Los Angeles. Kila walipotua, walibeba ndani yao kile kisichobebeka kwa vitabu. Daktari Mwingereza Michael Fordham alitaka kwenda kufunzwa Zürich, lakini mgeni hakuweza kupata kazi huko ya kumlipia gharama, akarudi London akachanganuliwa na Peter Baynes na baadaye na Hilde Kirsch. Mwaka 1946 chama cha London kikaanzishwa, Fordham akiwa nguzo yake, kikawa na mafunzo yake yenyewe na baadaye mafunzo ya wachanganuzi wa watoto. Kikagawanyika pia, kama vyama vinavyokua vinavyogawanyika: Adler na wenzake walitoka, na mwaka 1977 wakaunda chama kingine, kwa kuwa waliona kundi la Fordham limesogea mno upande wa wafuasi wa Freud. Mtoto wa Hilde, Thomas Kirsch, aliyezaliwa London mwaka 1936, alikuja kuwa rais wa chama cha kimataifa cha wachanganuzi wa shule hii kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, miaka ileile ambayo milango ya Ulaya ya Mashariki ilifunguka.

Chama hicho cha kimataifa kilianzishwa mwaka 1955, Jung alipotimiza miaka 80, na makao yake yako Zürich. Kongamano lake la kwanza lilifanyika mwaka 1958 mjini humohumo, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka mitatu. La mwaka 2025 lilirudi Zürich. Wanachama wake leo ni zaidi ya 3,000. Kwa miongo mingi chama kiliwapokea watu waliofunzwa katika vyuo vya nchi zenye vyama, na mtu wa nchi nyingine alilazimika kuhama kwao. Kuanzia miaka ya 1990 kukawa na njia ya pili. Watu wa nchi isiyo na chama hujikusanya, husoma pamoja, na kundi lao hutambuliwa kama kundi linaloendelea na kupewa mchanganuzi wa kuliunganisha na chama. Miongoni mwao, wenye sifa hukubaliwa mmoja mmoja kuanza safari ya mafunzo: uchanganuzi, usimamizi, mtihani wa kati na mtihani wa mwisho. Akifuzu, huwa mwanachama binafsi. Wanachama wa namna hiyo wakitosha katika nchi moja, huunda chama chao, na baada ya muda chama hicho huweza kuomba haki ya kufunza wengine. Hapo ndipo mnyororo unapokuwa umeunganika, na nchi haihitaji tena wageni.

Japani ilipata wa kwanza wake kwa njia ya zamani. Hayao Kawai, aliyezaliwa mwaka 1928, alikwenda California kusoma saikolojia, akaanza kuchanganuliwa Los Angeles, kisha akaendelea Zürich, ambako mwaka 1965 alihitimu akiwa Mjapani wa kwanza. Aliporudi kwao hakuanza kwa kuwahubiria wanasaikolojia wenzake habari za ndoto, maana walikuwa watu waliojivunia vipimo na takwimu. Alitanguliza sanduku la mchanga. Njia hii ilibuniwa na Dora Kalff wa Zollikon, karibu na Zürich, aliyeiendeleza kazi ya Margaret Lowenfeld wa London. Sanduku lenyewe ni la mbao, lina upana wa sentimita 57, urefu wa sentimita 72 na kina cha sentimita 7, na ndani yake limepakwa rangi ya buluu, ili mkono ukisogeza mchanga mpaka chini yaonekane kama maji. Kando yake kuna rafu zenye vinyago vidogo: watu, wanyama, nyumba, miti, madaraja, mashua, misikiti na makanisa, mazimwi. Mgonjwa huchukua anachotaka na kujenga anachotaka, na mtabibu hukaa kimya akitazama. Wajapani waliopata tabu kueleza mambo ya moyoni kwa mdomo waliyajenga mchangani. Kawai aliona kwamba watu wake walikuwa na desturi ya bustani ndogo za namna hiyo, akaanzia hapo. Kwangu hili ni somo kubwa la ualimu: aliyetumwa kupeleka taaluma ugenini alitafuta kwanza mahali ambapo watu wake wangeipokea bila kutishika, wala hakuharakisha mengine.

Urusi ilikuwa na mkwamo mkubwa zaidi. Uchanganuzi wa nafsi ulikuwa umezimwa huko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na utawala wa Kisovieti ulipoanguka walikuwapo watu wengi wenye kiu ya kujua lakini hapakuwa na wa kuwachanganua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachanganuzi wa Uingereza, wakiongozwa na Jan Wiener na Catherine Crowther wa London, walianza kusafiri kwenda St. Petersburg na baadaye Moscow. Walikwenda kwa zamu, mara kadhaa kwa mwaka, wakiwasimamia watabibu wa huko na kuwachanganua. Mwanafunzi aliweza kuwa na vikao kila siku kwa siku chache, wakati mwingine viwili kwa siku, kisha akakaa miezi bila mchanganuzi wake. Anayejua tiba hii atashtuka, kwa sababu desturi yake ni vikao vya kila wiki, saa ileile, chumba kilekile. Katika mpango huu kila safari ilikuwa kukutana na kila safari ilikuwa kuachwa. Waliohusika walijifunza kuizungumzia hali hiyo ndani ya tiba yenyewe: hasira ya kuachwa, aibu ya kumngoja mgeni, hofu kwamba safari hii huenda hatarudi.

Jambo jingine lilikuwa mkalimani. Usimamizi mwingi ulifanyika wakiwa watatu chumbani. Mtabibu Mrusi husema kwa Kirusi alichoambiwa na mgonjwa. Mkalimani hukigeuza kuwa Kiingereza. Msimamizi hufikiri na kuuliza. Swali hurudi kwa njia ileile. Mwanzoni mkalimani hudhaniwa kuwa ni chombo tu, lakini sauti ya mkalimani hubadilika anapotafsiri habari za mtoto aliyepigwa, na wakati mwingine hunyamaza, na kunyamaza kwake humwambia msimamizi jambo ambalo maneno hayakulisema. Kwa upande mwingine, kasi hupungua, na mtabibu hupata nafasi ya kuyasikia maneno yake mwenyewe kabla ya kujibiwa. Wapo wanaosema tiba kwa mkalimani haiwezekani. Mimi naamini inawezekana kama daraja, mradi kila mmoja ajue kwamba ni daraja, na kwamba lengo ni kufika siku ambayo Mrusi atamchanganua Mrusi kwa Kirusi. Siku hiyo ilifika, kwa kuwa leo Warusi wana chama chao ndani ya chama cha kimataifa.

Afrika nayo ina habari yake, na ndiyo inayonigusa zaidi. Vera Bührmann, daktari wa Afrika Kusini aliyezaliwa mwaka 1910, alifunzwa London katika chama cha Fordham, akarudi kwao akiwa mchanganuzi wa kwanza wa shule ya Jung nchini humo. Katika miaka ya 1970 alikwenda tena na tena kwa Waxhosa wa Eastern Cape, akaketi na mganga aitwaye Mongo Tiso na familia yake, akatazama namna waganga wanavyofunzwa. Aliyoyaona yalimshangaza. Kule mtu hachagui uganga kama anavyochagua kazi: huanza kwa kuugua, akapata ndoto zinazomsumbua, akapelekwa kwa mganga mkubwa. Mganga huyo humtibu, na tiba yenyewe ndiyo mafunzo. Mwanafunzi hukaa naye kwa miaka, husimulia ndoto zake, hucheza ngoma za uponyaji, na hupandishwa daraja kwa daraja hadi anaporuhusiwa kutibu wengine. Bührmann alitambua kwamba sharti ambalo Ulaya ililifikia mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwapo hapa, limehifadhiwa, likifuatwa na watu waliokuwa wakidharauliwa na serikali ya ubaguzi wa rangi. Nasi wa pwani tunazijua ngoma za pepo, ambamo aliyeugua na kutibiwa huingia chamani, na baadhi yao baadaye huwa mafundi wa kuwatibu wengine.

Mwaka 1987 kituo cha masomo ya Jung kilianzishwa Cape Town, Bührmann akiwa miongoni mwa waanzilishi, na kutokana nacho kikakua chama cha Kusini mwa Afrika kinachofunza wachanganuzi wake. Mwaka 2007 kongamano la kimataifa lilifanyika Cape Town, mara ya kwanza katika bara hili. Nafurahia hatua hiyo, lakini sioni haki kuificha kasoro yake: chama kilichozaliwa katika nchi ya ubaguzi, chenye mafunzo marefu na ya gharama, kilianza kikiwa cha Wazungu, na kuwafikia Waafrika walio wengi ni kazi inayodai muda na fedha kuliko hotuba.

Hapo ndipo ninapotaka kumzungumzia Jung mwenyewe na sisi. Mwishoni mwa mwaka 1925 alishuka Mombasa, akaenda Nairobi kwa treni, kisha akaelekea Mlima Elgon pamoja na yuleyule Peter Baynes aliyekuja kumchanganua Fordham. Mikutano yake na wenyeji wa mlimani aliiita shauri, na aliiendesha kwa Kiswahili cha kubahatisha na kamusi mkononi. Aliwauliza habari za ndoto, wakasitasita. Mganga mzee alimwambia kwa majonzi kwamba zamani waganga waliota, wakajua kama vita inakuja, au maradhi, au mvua, lakini tangu Waingereza wafike ndoto hazihitajiki tena, kwa sababu Mkuu wa Wilaya anajua kila kitu. Jung alikieleza kisa hiki kama ushahidi wa jinsi ukoloni ulivyoondoa uongozi wa ndoto. Mimi hukisoma nikijiuliza iwapo mzee yule alikuwa na sababu yoyote ya kumfungulia ndoto zake Mzungu aliyefika na bunduki na askari wa kumlinda. Mtu hasimulii ndoto yake mahali asipojiona salama, na jibu la mzee laweza kuwa lilikuwa njia ya adabu ya kufunga mlango.

Jung aliandika pia juu ya Waafrika kwa lugha ya kudhalilisha, akiwaweka katika ngazi ya chini ya akili ya binadamu na kuwalinganisha na watoto. Mwaka 1988 Farhad Dalal alichapisha nchini Uingereza makala iliyoonyesha kwamba mawazo hayo hayakuwa mapambo ya zama zake tu, bali yaliingia ndani ya nadharia yenyewe. Ilichukua miaka 30 kabla kundi la wachanganuzi na wasomi wa shule hiyo kuchapisha barua ya wazi, mwaka 2018, kukiri madhara ya maandishi hayo na kutaka yashughulikiwe katika mafunzo. Nashukuru kwamba barua hiyo ipo, na nasikitika kwa kuchelewa kwake. Mwanafunzi Mwafrika anayesoma vitabu hivyo hukutana na kurasa zinazomdharau, na kama mwalimu wake atazipita kimya, uchanganuzi wake utakuwa umejengwa juu ya jambo lisilosemwa, kinyume kabisa cha kile ambacho taaluma hii inadai kufundisha. Siwashauri wenzangu waitupe taaluma kwa sababu hiyo. Nawashauri wadai kurasa hizo zisomwe kwa sauti darasani, mwalimu akiwapo.

Sasa nirudi kwa wanasihi wanaoniuliza. Kenya ilipata Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014, nayo ilikuwa hatua njema ya kumlinda mgonjwa dhidi ya kila anayejitangaza kuwa mtabibu. Lakini leseni huthibitisha masomo na mwenendo. Haimpi mtu mchanganuzi. Katika kazi yangu watu huniletea ndoto bila kuulizwa: marehemu aliyekuja kudai maji, nyoka aliyelala kitandani, nyumba ya utotoni isiyokuwa na mlango. Huzisimulia kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama, na huzisimulia kwa macho ya mtu anayejua kwamba amebeba kitu. Mnasihi asiyewahi kumsimulia mtu ndoto zake mwenyewe hubadili mazungumzo, au hukimbilia dini, au huandika kwenye faili kwamba mteja ana wasiwasi. Wanaponiomba niwaelekeze kwa mchanganuzi atakayewasikiliza kwa lugha yao, huishia kuwapa majina ya watu walio nje ya nchi.

Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 uenee mwaka 2020, uchanganuzi kwa njia ya video umekuwa jambo la kawaida, na umepunguza sana machungu ya safari ambayo Warusi waliyapitia. Mtu wa Arusha anaweza kuwa na kikao kila wiki na mchanganuzi wa Cape Town au London. Hata hivyo siuoni kuwa unatosha peke yake. Mgonjwa hamuoni mtabibu akivuta pumzi, mtandao hukatika katikati ya kilio, na katika nyumba zetu zenye watu wengi si kila mtu ana chumba cha kujifungia. Ningependa safari ziendelee pamoja na video, na ada zipangwe kwa kipato cha huku, kama ambavyo wachanganuzi wengi waliosafiri walivyokubali kupunguza malipo yao.

Kuna kanuni moja ambayo vyama vikubwa vimejifunza kwa gharama, na ambayo nchi changa huivunja kwa urahisi: anayekuchanganua asikutahini, wala asipeleke habari zako kwenye kamati ya mafunzo. Mwanafunzi anayejua kwamba msikilizaji wake ndiye atakayempasisha ataleta ndoto safi na kuziacha chafu nyumbani. Mahali penye mchanganuzi mmoja tu, mtu huyo huwa mtabibu, mwalimu, msimamizi, mtahini na mwenyekiti kwa wakati mmoja, na tunarudi kwenye barua ya mtu mmoja ya Zürich kabla ya mwaka 1948. Kwa hiyo, wenzangu wanaponiuliza nani kati yao aanze, huwajibu kwamba asianze mmoja. Waanze wanne au watano kwa pamoja, kila mmoja achanganuliwe na mtu tofauti, hata ikibidi kungoja miaka kadhaa zaidi kuzipata fedha, ili mwanafunzi wa kwanza atakayebisha hodi kwao amkute mmoja wa kumchanganua, mwingine wa kumsimamia, na mwingine wa kumtahini.